Mtumishi wa Kanisa la Umma

Mwezi uliopita msichana wa ofisini kwa bosi wangu wa zamani alinipigia simu. Kwa sauti ile tamu ya watu wanaotaka kitu cha bure, akaniambia wanaandaa kijitabu cha kumuenzi bosi, maana anatimiza miaka sabini, na kila aliyewahi kufanya kazi naye anaombwa aandike kumbukumbu nzuri. Nikamuuliza, "Na zile mbaya nizipeleke wapi?" Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Kumbukumbu ninazo, na nimeamua kuziandika mwenyewe, mahali ambapo hakuna atakayebandika picha yake juu ya ukurasa.

Huyu bwana hutambulishwa kwa maneno matatu, siku zote kwa mpangilio uleule: mfanyabiashara, mtumishi wa umma, mhisani. Najua kwa sababu miaka yote niliyomfanyia kazi hapa Durban mimi ndiye niliyekuwa nikiyatia maneno hayo katika Kiswahili. Mimi ni mtoto wa Uvira, Kongo, lakini nilikulia Kigoma na kusomea huko, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha darasani, cha mtihani na taarifa ya habari. Ndugu zangu Wakongo wa Albert Park, mtaa wa hapa mjini, hunicheka. Wanasema naongea kama redio. Basi siku moja redio ilisema neno sahihi kabisa, na watu wakasikia lingine, na mpaka leo mama yangu mdogo hana nyumba.

Niyaeleze maisha yake kwanza, kama anavyopenda. Alizaliwa katika kisiwa kimoja cha Ufilipino, baba yake akiwa fundi cherehani. Alikuja Durban akiwa mpishi wa meli. Tumbo likamshika bandarini, akapelekwa hospitali kupasuliwa, na alipotoka meli ilikuwa imeshaondoka na mtu mwingine jikoni. Kisa hicho nimekitafsiri mara nyingi kiasi kwamba naweza kukisimulia huku nimelala. Mtu mwingine angelia barabarani. Yeye aliangalia bandari, akaona kila meli inayotia nanga ina vijana wa kwao wenye hamu ya vitu vya kwao, akaanza kuwauzia: mchele wanaoujua, samaki wakavu, siki, sabuni, kadi za simu. Alianza na mkoba, akapata pikapu, akapata ghala pale Point, kando ya bandari, halafu kampuni za meli zikampa kazi ya kulisha mabaharia wao. Huyo ndiye mfanyabiashara, na hapo simnyimi haki yake. Alifanya kazi.

Alipokwisha kutajirika alirudi kwao, akagombea udiwani katika mji wake, akapata, akakaa madarakani vipindi viwili, kisha akarejea Durban. Alinisimulia siasa za kwao tukiwa garini, tukienda Queensburgh kwenye nyumba yake kuchukua makaratasi. Kule, alisema, diwani lazima asimamie ubatizo wa watoto wa watu, asimamie harusi zao, apeleke shada msibani, agawe mchele, na kila mfuko wa mchele uwe na uso wake umechapwa mbele, anatabasamu. Nilicheka nikamwambia kwetu wanachapa sura zao kwenye vitenge, mwanamke anakalia uso wa mheshimiwa kutwa nzima. Alicheka mpaka akapitiliza robot, taa za barabarani, ikiwa nyekundu.

Nilimpenda, lazima niseme hivyo, maana usipojua kwamba nilimpenda hutaelewa kwa nini damu bado inanichemka. Asubuhi, badala ya salamu, alikuwa anakuuliza kama umekula. Ukisema hujala, alikuwa hakuachii ufungue kompyuta mpaka ukae mezani pale nyuma ya ghala, ambako yeye, wapakiaji na mimi tulikula wali sufuria moja. Alionyesha vitu kwa midomo, kama mama zetu wanavyofanya mikono ikiwa na unga. Na alikuwa na tabia moja ambayo nilichukua muda kuizoea: badala ya kusema ndiyo, aliinua nyusi. Unamuuliza gari limerudi, anainua nyusi. Unamuuliza amesaini, anainua nyusi. Kwao wote wako hivyo, hata mabaharia waliokuja dukani. Tulimsoma nyusi zake kuliko tulivyosoma barua zake.

Sasa nije kwa mama mdogo. Ni mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenipokea nilipofika hapa bila mtu wala kitu. Alikuwa akiishi Albert Park, ghorofa ya tatu ya jengo moja kuukuu, katika fleti ya vyumba viwili. Sebuleni alikuwa na kreshi. Watoto wa wasusi na wa akina mama wa maduka ya simu walishinda kwake toka asubuhi mpaka mama zao wafunge kazi. Mikeka sakafuni, sufuria ya uji jikoni, na kamba ya nepi dirishani inayoelekea baharini. Walimwita tantine, yaani shangazi, wote, hata wale ambao hawajajua kusema mama. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa, na huko Uvira alikuwa ameachwa kwa sababu hiyo. Katika fleti ile hakuna aliyemkumbusha. Hiyo ndiyo nyumba ninayoizungumzia. Siyo kuta tu.

Jengo lilikuwa bovu, sitaki kutia chumvi upande wowote. Lifti ilikuwa imekufa zamani, maji yalitiririka ngazini, na mwenye jengo alikuwa haonekani. Kwa hiyo niliposikia bosi wangu amelinunua, nilipanda ngazi mbili mbili kwenda kumpa mama mdogo habari njema. Nilimwambia, sasa mmepata mtu. Tukakumbatiana pale mlangoni, watoto wakatuzunguka wakidhani ni mchezo.

Bosi aliita mkutano wa wapangaji Jumapili mchana, chini kwenye gereji ya magari, mahali ambapo Wakongo wa jengo lile walikuwa wakisali. Viti vya plastiki vilikuwa bado vimepangwa na spika zilikuwa za moto. Yeye alikuja amevaa shati la heshima la Kifilipino, jeupe, jepesi, refu kupita kiuno, limetariziwa kifuani kote. Kwao mwanaume huvaa hivyo harusini au akienda kuapishwa. Shingoni alikuwa na msalaba mdogo wa dhahabu. Akasimama mbele, pale pale anaposimama mchungaji, na mimi pembeni yake na kipaza sauti. Akajitambulisha kwa Kiingereza. Nami nikatafsiri: huyu ni mfanyabiashara, ni mtumishi wa umma, ni mhisani.

"Amen!" watu wakaitika.

Nilishtuka. Nikafikiri labda wamefurahia neno mhisani. Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele akamgeukia mwenzake akauliza, kwa sauti ya kusikika, "Umma, ni église gani hiyo?"

Mwenzake akamjibu bila kusita, "Ni ya bakatolika ba kwabo. Hauone nguo?"

Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili litaonekana kichekesho. Mtumishi wa umma ni mtu anayelipwa na serikali, mtoto wa darasa la tano anajua. Lakini kwetu Kongo mtu wa namna hiyo ni mtu wa Leta, yaani wa serikali, na ukisema Leta kila mtu anashika mfuko wake. Mtumishi ni jina la mtu wa Mungu. Ukimwita mtu mtumishi ni kwamba anakuombea, anakuwekea mikono, unampa kiti na soda. Na hilo "umma" hakuna aliyelijua, basi likawa jina la kanisa.

Nilisahihisha papo hapo. Nilisema kwenye kipaza sauti, jamani, si mchungaji, alikuwa diwani kwao, mtu wa Leta. Shemasi wa pale, mwanaume mrefu mwenye koti la kijivu, akanyanyuka akanikatiza. "Dada, usimupatishe Mutumishi haya mbele ya batu."

Watu wakaguna kuniunga mkono? Thubutu. Walininunia. Mtoto wa Kigoma anajifanya anajua sana, walinong'ona.

Bosi akaniinamia akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Nikamwambia ukweli: wanadhani wewe ni mchungaji. Akacheka kidogo. Halafu akawatazama wale watu, nyuso zote zimemwelekea kwa upendo ambao hakuutolea jasho hata tone. Nilimwona akifikiri. Akanyanyua mikono yote miwili juu, akasema, "God bless you all." Hiyo haikuhitaji kutafsiriwa. Gereji nzima ikalipuka kwa vigelegele, na tangu siku ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mutumishi.

Wapo watakaosema hakudanganya. Kweli, hakusema uongo hata mmoja. Aliacha tu uongo umkute, akaukaribisha kiti.

Miezi michache baadaye aliita mkutano mwingine. Mabomba yote yanang'olewa, alisema, nyaya zinabadilishwa, lifti mpya inawekwa, na kazi hiyo haiwezi kufanyika watu wakiwa ndani. Akaomba kila mtu atafute pa kujisitiri kwa muda. Hapa Durban kila mpangaji anajua kwamba mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya mahakama. Hilo ndilo jambo moja la sheria ambalo hata mgeni wa juzi anafundishwa. Lakini ukitoka mwenyewe, kwa miguu yako, na godoro lako kichwani, hakuna aliyekutoa. Fundi mmoja wa simu wa ghorofa ya kwanza alilijua hilo. Akasimama akasema vizuri tu, bila matusi: tupate karatasi iliyosainiwa kwamba tutarudi.

Shemasi akamgeukia kana kwamba ametukana. "Weye! Mutu gani anaweza omba Mutumishi wa Mungu karatasi?"

Fundi akakaa. Aibu ilimshinda. Nami nilikuwa nimeshika kipaza sauti cha bosi wangu, na kibali changu cha kukaa nchi hii kilikuwa kinahitaji barua yake ya kazi.

Mama mdogo ndiye aliyenyanyua mkono mwishoni. Alikuwa amembeba mtoto wa mtu mgongoni. Akaniambia, "Umuulize tu: tutarudia?"

Nikamuuliza bosi kama watu watarudi. Akamtazama mama mdogo, akatabasamu, akainua nyusi.

"Amesema ndiyo," nikatangaza. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa nyusi zilezile nilikuwa nimetuma malori, nimelipa wauza mboga, nimefunga na kufungua ghala.

Walitoka wote. Hakuna polisi aliyekuja, hakuna mlango uliovunjwa. Wengine walisali kabla ya kushuka na masufuria. Mama mdogo alipata kijumba cha nyuma katika ua wa familia moja ya Kihindi kule Chatsworth, mbali na mjini, chumba kimoja chenye bomba la maji nje. Wenye nyumba ni watu wema, wamempa hata kitanda. Lakini msusi wa mjini hawezi kupanda taxi mbili asubuhi na mtoto mgongoni kwenda Chatsworth, halafu arudi mjini kufungua saluni. Wiki ya kwanza walikuja akina mama wawili. Wiki ya pili hakuja mtu. Mama mdogo aliendelea kupika uji mwingi kwa siku kadhaa, akidai mikono imezoea kipimo, na alikuwa anaugawa kwa majirani.

Jengo likakarabatiwa kweli. Likapakwa rangi ya maziwa, lifti ikawekwa, mlangoni pakafungwa mashine ya kubonyeza kidole. Halafu nikaletewa mezani kwangu tangazo nilipeleke kwa mchapishaji: makazi ya kisasa kwa wanafunzi wa vyuo. Kwenye picha zake, sebule ya mama mdogo ilikuwa imegawanywa kwa mbao, vitanda viwili huku na viwili kule.

Niliingia ofisini kwake bila kugonga. Nikamwambia uliahidi watu watarudi. Akaniambia kwa upole kwamba hakuwahi kusema neno kama hilo, na kwamba niangalie vizuri kumbukumbu zangu. Nikamwambia uliinua nyusi. Hapo alicheka kwa moyo wote, kama siku ile ya vitenge garini. "Nyusi si mkataba, binti yangu," akasema, na akaniuliza kama nimekula.

Nilitoka nikaenda kulia chooni. Sikuacha kazi siku ile wala wiki ile. Wasioishi kwa vibali watanihukumu, na wahukumu.

Uhisani wake ulizidi baada ya hapo. Kadiri vyumba vya jengo lile vilivyojaa, ndivyo alivyogawa. Mchele wa Krismasi, mablanketi, viti vya magurudumu, kila kitu kina uso wake. Mwisho wa mwaka mmoja akaandaa sherehe ya kugawa mikoba ya shule katika ukumbi wa mjini, na akataka hasa wale wapangaji wake wa zamani waalikwe na watoto. Kazi yangu ilikuwa ileile, kipaza sauti. Na mpiga picha alikuwa ameelekezwa: mtoto asikabidhiwe mkoba mpaka atazame kamera.

Mama mdogo aliniambia atakuja. Nilimkatalia. Nikamwambia wewe huna mtoto wa shule, unakuja kufanya nini?

"Pengine akiniona atakumbuka," akasema. "Iko busy tu. Mutu mukubwa anasahau."

Alivaa kitenge chake cha sikukuu, akapaka hata wanja. Alikaa mstari wa tatu, mkoba wa mkononi magotini, akimtazama yule mwanaume kama mtu anayengojea kuitwa jina kwa daktari. Mikoba iligawiwa. Picha zikapigwa. Kisha shemasi, yule yule, akachukua kipaza sauti akasema kwamba Mtumishi amekubali kuwaombea wenye mahitaji, wapite mbele. Bosi alikuwa amevaa lile shati lake jeupe. Wakati huo alishazoea kabisa. Alikuwa na maneno yake ya kuombea, mafupi, ya Kiingereza, na mkono aliouweka kichwani pa watu bila kusitasita.

Walipita mgonjwa wa mguu, mama mwenye kesi ya kibali, mwanaume asiye na kazi. Nikatafsiri kila ombi na kila dua. Halafu nikamwona mama mdogo mbele yangu.

Akaniambia taratibu, kwa aibu, kana kwamba hanijui, "Umwambie naomba nyumba."

Nikamwambia: anaomba nyumba. Nilidhani atashtuka. Lakini sina hakika kama alimtambua. Aliuweka mkono juu ya kitambaa cha kichwani cha mama mdogo, akafumba macho, akaomba kwa sauti iliyojaa huruma, ukumbi mzima ukasikia. Bwana, mpe mama huyu nyumba. Mfungulie mlango. Usimwache atangetange.

Nilitafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno, kwenye kipaza sauti. Bwana, mpe mama huyu nyumba. Mfungulie mlango. Usimwache atangetange. Na nilipofika mwisho, nikiwa bado na sauti ileile ya dua, nikaongeza sentensi yangu mwenyewe: "Na nyumba yenyewe, Bwana, anayo huyu anayeomba."

"Amen!" akasema bosi kwa nguvu.

"Amen!" ukumbi ukamfuata.

Mama mdogo hakusema amina. Alifumbua macho. Alinitazama mimi, akamtazama bosi, halafu akaushika ule mkono uliokuwa kichwani pake akaushusha chini, polepole, bila kuuachia.

"Basi anipatie," akasema.

Bosi akaniuliza kwa tabasamu mama anasema nini. Nikamwambia, anasema basi umpe. Akauliza, nimpe nini? Nikamwambia, nyumba.

Tabasamu halikuondoka usoni, maana kamera ilikuwa bado inaangalia. Alivuta mkono wake ukatoka mkononi mwa mama mdogo, akaufuta kwenye lile shati jeupe, akatazama juu ya bega la mama mdogo kwa aliyefuata nyuma.

"Next," akasema.

Mama mdogo hakusogea. Alisema tena, kwa sauti ileile, "Basi anipatie," na shemasi akaja akamshika kiwiko akamtoa kwenye mstari. Niliweka kipaza sauti mezani nikawafuata nje. Kazi ikaishia hapo, na barua ya kibali pia, lakini hayo yangu mwenyewe nilishayamaliza, simdai tena.

Mama mdogo yuko Chatsworth mpaka leo, katika chumba kile cha uani. Jumapili tunaenda kusali Albert Park, na wanawake ambao watoto wao aliwalisha uji kwa mkono wake wanamsogezea kiti pembeni, mbali kidogo na wenzake. Wanamwita yule mama aliyemdai Mtumishi nyumba mbele ya Mungu. Wanasema hana adabu.